KULANTI SIYO YA NCHI ZA BARIDI TU: JINSI MAJI YA BOMBA YANAVYOUA INJINI ZA DIZELI

Leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, tuongelee kitu kinachogusa mfuko wa kila anayepanda, anayeendesha au anayemiliki gari ya dizeli hapa Bongo. Nazungumzia maji ya rejeta.

Pita gereji yoyote ya mtaani. Hukosi Coaster moja imesimamishwa juu ya magogo, injini iko chini, hedi imepelekwa kusawazishwa mjini. Uliza ilikuwaje, jibu ni lile lile: ilichemsha. Uliza ndani ya rejeta kulikuwa na nini, utaambiwa: "Maji tu bwana. Kulanti ni ya Ulaya kwenye barafu, sisi huku joto, ya nini?"

Wadau, hiyo kauli ndo ugonjwa wenyewe. Coaster moja inalisha dereva, konda, mwenye gari, fundi, na mama ntilie wa pale stendi. Ikilala wiki mbili, wote hao wanakosa, na mkopo wa SACCOS hausubiri gari itoke gereji. Na mara nyingi kilicholaza gari siyo ubovu wa Mjapani aliyeitengeneza. Ni dumu la maji ya kisima.

Hoja yangu leo ni moja: kulanti haikutengenezwa kwa ajili ya baridi tu. Kazi zake mbili kubwa, kuzuia kuchemka na kuzuia kutu, zinatuhusu sisi wa nchi za joto kuliko hata hao wazungu. Twende taratibu.

JOTO LA INJINI LINAKWENDA WAPI?

Dizeli inapoungua ndani ya silinda, siyo nguvu yote inafika kwenye matairi. Kwa makadirio ya kawaida, kama theluthi moja hivi ndo inasukuma gari. Theluthi nyingine inatoka na moshi kwenye ekzosi. Kiasi kikubwa cha kilichobaki kinachukuliwa na yale maji yanayozunguka ndani ya bloku na hedi, yanakwenda kwenye rejeta, yanapozwa na upepo, yanarudi tena. Wota pampu ndo moyo wa huo mzunguko, thamostati ndo geti.

Tuchukue mfano wa injini ambayo wengi mnaijua, 1HZ ya Toyota. Silinda 6, lita 4.2, haina tabo, imeanza kutengenezwa mwaka 1990. Iko kwenye Coaster nyingi na kwenye Land Cruiser za mkonga. Ni injini ngumu kweli, inasifiwa dunia nzima. Kule Australia na New Zealand watu wananunua Coaster hizi hizi zilizotumika, wanatoa siti, wanaweka kitanda na jiko, inakuwa nyumba ya kutembelea. Mtu anazunguka nayo nchi nzima miaka na miaka. Injini ni zile zile. Tofauti ni kwamba wenzetu hawacheki na maji ya rejeta.

KAZI TATU ZA KULANTI

Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa kimiminika kinachoitwa ethilini glaikoli, maji, pamoja na dawa za kuzuia kutu. Ina kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kuzuia maji yasigande. Maji yakiganda yanatanuka na yanaweza kupasua bloku. Kwa Dar es Salaam hii haituhusu. Lakini siyo Tanzania yote ni Dar. Uwanda wa Kitulo uko juu kwenye mita 2,600 hivi na miezi ya Juni mpaka Agosti sakitu inaanguka. Mtu wa Makete anajua ninachosema. Mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji haugandi mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri. Kwa hapa kwetu hilo ni zaidi ya tunachohitaji.

Kazi ya pili ni kuchelewesha kuchemka. Hapa ndo penyewe. Maji matupu pale Dar yanachemka kwa nyuzi 100. Ukipanda juu, hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema. Kwenye mita 1,600, yaani kimo cha Iringa mjini, maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Sasa fikiria basi limejaa abiria na mizigo linapanda mlima Kitonga, gia ya pili, jua la saa nane. Injini inatoa joto jingi, gari inakwenda polepole kwa hiyo upepo wa mbele ni kidogo, na maji yenyewe yanataka kuchemka mapema. Hapo ndo unaona mistari ya malori yamefunguliwa vichwa pembeni ya barabara.

Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unachemka kwenye nyuzi 106 hivi bila kufungiwa. Halafu kuna mfuniko wa rejeta. Ule siyo kizibo tu wadau! Una springi ndani ambayo inazuia presha isitoke. Presha ikipanda, maji yanachelewa kuchemka. Kulanti nzuri pamoja na mfuniko mzima wa kama bari 1 inakufikisha zaidi ya nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Mfuniko uliochoka, au ule uliowekewa kipande cha mpira wa tyubu, unakunyang'anya faida hiyo yote. Mfuniko ni spea ya bei ndogo sana. Nunua mpya yenye namba ile ile ya presha iliyoandikwa juu yake, usiweke kubwa zaidi ukidhani unaboresha. Utapasua rejeta na mipira.

Kazi ya tatu ni kuzuia kutu na ukoko. Hii ndo inayosahaulika kabisa, na ndo inayoua taratibu. Ndani ya injini kuna chuma, aluminiamu, shaba na risasi ya kuunganishia, vyote vimelowa kwenye maji ya moto. Hapo kutu inakula sikukuu kila siku. Zile dawa za ndani ya kulanti zinajenga utando mwembamba juu ya chuma ili maji yasikiguse moja kwa moja. Maji ya bomba hayana dawa hizo. Ukifungua rejeta ukakuta maji ya rangi ya chai ya rangi, ujue hiyo rangi ni injini yako inayeyuka kidogo kidogo.

MAJI GANI UNAWEKA?

Angalia birika la nyumbani kwenu, hasa kama mko Dodoma au mnatumia kisima cha chumvi cha Dar. Ule ukoko mweupe wa chini ni chokaa na madini yaliyobaki baada ya maji kuchemka. Ndani ya injini inakuwa hivyo hivyo, ila huoni. Ukoko unapitisha joto vibaya kuliko chuma, tena kwa zaidi ya mara 10. Kwa hiyo geji kwenye dashibodi inaweza kusoma kawaida huku ukuta wa silinda unaungua, kwa sababu joto limezuiwa lisiingie kwenye maji. Chumvi nayo inakula aluminiamu. Injini kama 1KZ ya kwenye Surf na Prado ina hedi ya aluminiamu, na sifa yake ya kupasuka hedi ikichemshwa kila fundi anaijua. Ukiiwekea maji ya kisima unaitafuta mwenyewe.

Maji yanayotakiwa ni yaliyochujwa madini yote, yale yanayouzwa kwa kuongezea kwenye betri. Lakini hapa simama! Usichanganye na asidi ya betri. Dumu zinafanana na kuna maduka yanaweka sehemu moja. Soma kibandiko, muulize muuzaji mara mbili. Asidi ikiingia kwenye rejeta umemaliza kila kitu, na ikikurukia machoni ni balaa jingine.

Maji ya kunywa ya chupa ni masafi kwa tumbo lako, lakini yana madini. Ni afadhali kuliko ya kisima, ila siyo yenyewe. Maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye chombo kisafi, siyo yaliyopitia bati lenye vumbi na kutu, ni afadhali zaidi ukiwa umebanwa.

RANGI HAISEMI KITU

Hapa ndo watu wanaliwa hela. Mtu anaingia dukani: "Nipe ya kijani." Mwingine: "Mimi yangu nyekundu." Kana kwamba anachagua soda.

Wadau, kulanti yenyewe haina rangi. Rangi inawekwa na kiwanda ili uone ikivuja na kutofautisha bidhaa zao. Hakuna sheria ya dunia nzima inayosema kijani maana yake nini. Kulanti nyingi za zamani zilikuwa za kijani. GM ya Marekani ikaja na ya machungwa miaka ya 1990. Toyota walikuwa na nyekundu, baadaye wakaleta ya pinki ambayo ni aina nyingine. Honda wana ya bluu. Volkswagen wamepita kwenye bluu, pinki mpaka zambarau. Kuna viwanda vingine vinatoa kulanti ya aina ya kisasa na kuipaka kijani kile kile cha zamani. Sasa ukienda kwa rangi, utajua umenunua nini?

Kinachotofautisha ni dawa za ndani. Kwa kifupi zipo familia tatu.

Ya kwanza ni ya zamani, inatumia chumvi kama silikati na fosfeti. Inafanya kazi haraka lakini dawa zinaisha haraka pia, miaka 2 hivi.

Ya pili inatumia asidi za kikaboni. Dawa zake zinaisha polepole, kwenye gari ndogo nyingi zinaandikwa miaka 5.

Ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili. Ile ya pinki ya Toyota iko humu: asidi za kikaboni pamoja na fosfeti. Inauzwa tayari imeshachanganywa na maji nusu kwa nusu, na Toyota wanasema mara ya kwanza ibadilishwe kwenye kilomita 160,000, halafu kila 80,000. Lakini hayo ni mahesabu ya gari iliyotoka kiwandani nayo na haijawahi kuwekewa maji ya kisima. Coaster iliyotumika ambayo hujui historia yake, anza upya.

Ukichanganya familia tofauti, bahati nzuri ni kwamba utapunguza tu umri wa dawa. Bahati mbaya ni kwamba baadhi zikikutana zinafanya tope kama uji, linaziba mirija ya rejeta. Kwa hiyo kama hujui kilichomo, usiongezee. Mwaga, osha, weka mpya.

MWENYE BASI KUBWA, HAPA NI KWAKO

Injini kubwa kama za Scania na Volvo zina laina za maji, yaani mkono wa silinda umezungukwa na maji moja kwa moja upande wa nje. Kila dizeli inapolipuka ndani, pistoni inaupiga ule ukuta kofi na ukuta unatetemeka. Huo mtetemo unatengeneza mapovu madogo sana upande wa maji, na yanapopasuka yanapiga chuma kama nyundo ndogo. Mamilioni ya nyundo kila safari! Baada ya muda chuma kinatoboka vitundu kama kilicholiwa na mchwa. Siku kitundu kikifika upande wa pili, maji yanaingia kwenye silinda au kwenye oili, na injini imekwisha.

Dawa ya hilo imo kwenye kulanti za injini nzito. Inatengeneza utando juu ya laina, povu linapiga utando, utando unajijenga tena. Kwenye baadhi ya kulanti dawa hiyo ni naitraiti na inapungua kadiri gari inavyokwenda, ndo maana kuna vikaratasi vya kupimia: unachovya, rangi inabadilika, unalinganisha na chati. Zingine za kisasa zinatumia asidi za kikaboni kwa kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo mwenye basi au lori asinunue kulanti ya gari ndogo kwa sababu ni bei poa. Atafute kibandiko kinachosema "Heavy Duty", na namba ya kiwango ASTM D6210. Ile ya gari ndogo huwa ni D3306. Juu ya hapo, kitabu cha gari ndo kina neno la mwisho.

THAMOSTATI WANAITOLEA NINI?

Hii nayo ni tabia ya gereji zetu. Gari inachemsha, fundi anatoa thamostati, anakwambia "sasa maji yatapita bure, haichemshi tena".

Thamostati inafungua njia ya kwenda rejeta injini ikishapata moto unaotakiwa, nyingi zinaanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 88. Injini ya dizeli inataka kufanya kazi ikiwa ya moto. Ikiwa baridi muda wote, dizeli haiungui vizuri, oili inachafuka, pistoni na silinda zinalika, na mafuta yanaliwa zaidi. Unaokoa hela ya thamostati unailipa kituo cha mafuta kila siku.

Kibaya zaidi, kwenye injini nyingi thamostati ina kazi ya pili: ikifunguka mbele inaziba njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, ile njia inabaki wazi. Sehemu ya maji yanazunguka ndani kwa ndani bila kupozwa. Kwa hiyo kwenye mlima gari inaweza kuchemsha zaidi kuliko mwanzo! Kama gari inachemsha, tafuta sababu: rejeta imeziba, feni haishiki, belti imelegea, mfuniko umechoka, gasketi imeungua. Thamostati ipime: itumbukize kwenye sufuria ya maji, chemsha, iangalie ikifunguka. Hiyo sufuria usiirudishe tena jikoni.

UKIWA DUKANI

Kwanza, angalia imeandikwa nini. "Concentrate" maana yake ni nzito, haijachanganywa, lazima uongeze maji. "Premixed 50/50" au "Ready to use" imeshachanganywa, usiongeze maji. Wengi wananunua iliyochanganywa halafu wanaichanganya tena na maji ya bomba. Wanabaki na robo ya dawa, wanaanza kulaumu kulanti.

Wengine wanafanya kinyume, wanaweka nzito tupu wakidhani ndo nguvu zaidi. Hapana. Glaikoli inabeba joto kidogo zaidi ya nusu ya linalobebwa na maji. Ukiijaza tupu injini inakuwa ya moto zaidi. Nusu kwa nusu ndo kipimo cha kawaida, na usizidishe asilimia 60.

Pili, feki. Maji yaliyotiwa rangi yapo sokoni. Kuna kipimo cha kienyeji: uzito. Glaikoli ni nzito kuliko maji. Lita 5 za maji zina kilo 5. Lita 5 za kulanti nzito zinakaribia kilo 5.5, na iliyochanganywa nusu kwa nusu inakaribia kilo 5.35. Chukua dumu tupu linalofanana, lijaze maji mpaka usawa ule ule, pima yote mawili kwenye mizani. Uzito ukilingana kabisa, umeuziwa juisi. Ukizidi bado haujathibitisha kwamba dawa za kutu zimo, kwa hiyo duka la kuaminika na dumu lenye lakiri ni muhimu pale pale. Gereji zilizojipanga zina kifaa kidogo cha kuchungulia, unadondosha tone moja kinakuonyesha kiwango cha glaikoli.

KUBADILISHA HATUA KWA HATUA

1. Injini iwe baridi kabisa. Ukigusa mpira wa juu wa rejeta na mkono ukavumilia vizuri, ndo ufungue. Mfuniko wa rejeta ya moto umeunguza sura za watu wengi. Maji ya ndani yanaweza kuwa na zaidi ya nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu ya presha. Ukifungua tu, yanachemka yote kwa mpigo na kukurukia.

2. Weka beseni chini, fungua koki ya rejeta na nati ya kumwagia kwenye bloku kama ipo. Usimwage mtaroni, sababu nitaisema chini.

3. Jaza maji yaliyochujwa, washa injini na hita ikiwa kwenye moto zaidi mpaka thamostati ifunguke, zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Kama kuna kutu nyingi tumia dawa ya kuoshea rejeta, fuata maelezo yake, kisha suuza vizuri.

4. Hapa kuna hesabu ambayo wengi wanaikosa. Baada ya kumwaga, kuna maji yanabaki ndani ya bloku. Kwa hiyo ukichanganya nusu kwa nusu kwenye ndoo halafu ukajaza, ndani itakuwa hafifu. Angalia kitabu, injini inachukua lita ngapi kwa jumla. Tuseme ni lita 12. Chukua lita 6 za kulanti nzito, mimina hizo kwanza zote. Kisha malizia na maji yaliyochujwa mpaka ijae. Hata kama zilibaki lita 4 ndani, umepata nusu kwa nusu.

5. Mimina polepole ili hewa itoke. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, hita ikiwa kwenye moto, binya binya mpira wa juu kutoa mapovu. Maji yakishuka, ongeza. Hewa iliyonaswa ndani ni sababu kubwa ya gari kuchemsha siku ile ile iliyotoka gereji.

6. Funga mfuniko, jaza chupa ya akiba mpaka kati ya "LOW" na "FULL". Kesho asubuhi ikiwa baridi, angalia tena.

Baada ya hapo, kazi ya dereva ni dakika moja kila asubuhi. Angalia kiwango kwenye chupa ya akiba, angalia rangi, angalia chini ya gari. Kiwango kikishuka bila kuona vuja, usiendelee kuongeza tu siku hadi siku. Vuta stiki ya oili: ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Angalia moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto. Angalia mapovu kwenye rejeta injini ikiwaka. Hizo ni salamu za gasketi. Ukizipokea mapema unabadilisha gasketi, ukizipuuza unanunua hedi.

IKICHEMSHA NJIANI

Mshale ukianza kupanda mlimani, punguza mwendo, rudi gia ndogo, zima kiyoyozi, fungua hita kwenye moto mkali. Abiria watanung'unika, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Mshale usiposhuka, au ukigusa nyekundu, toka barabarani. Kama maji bado yamo na hayavuji, acha injini isilensa dakika chache ishuke. Kama maji yamemwagika, zima hapo hapo.

Na kuna mtego: mshale ukipanda halafu ghafla ukaanguka kwenye baridi, usishangilie. Kile kipimo kinasoma kikiwa kimelowa. Maji yakiisha, kinasoma hewa. Injini imekauka na wewe unaona mambo safi. Hapo sekunde zinahesabika.

Usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, wala usiyaingize ndani. Chuma kinapasuka kama glasi ya chai. Subiri. Konda akifokewa na abiria, mwambie avumilie, kelele za abiria zinaisha.

HII NI SUMU JAMANI

Nimeiacha mwisho ili ikae kichwani. Ethilini glaikoli ina ladha tamu na ni sumu kali. Inaharibu figo. Kwa mtoto mdogo, vijiko vichache vya ile nzito vinaweza kuua. Na sisi tunaiwekaje? Tunaipima kwenye chupa za soda na maji ya kunywa, rangi nyekundu au kijani, tunaiacha chini ya meza ya gereji ambako watoto wa mama ntilie wanacheza. Mtoto ataona juisi.

Kwa hiyo: iache kwenye dumu lake, funga, weka juu. Usinyonye kwa mdomo na mpira kama mnavyonyonya dizeli. Ukimwaga chini, mwagia maji mengi na futa. Iliyotumika ikusanye kwenye dumu lenye alama uwaulize wanaokusanya oili chafu, siyo kwenye mtaro ambako mbuzi na mbwa wanakunywa.

Mtu akinywa, hata kama anaonekana mzima au kama aliyelewa tu, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo na chupa yake mkononi. Dawa yake ipo lakini inataka kuwahi. Usisubiri aanze kuumwa, maana figo zinakuwa zimeshaanza kwenda.

Wadau, mwenye gari anayekwambia kulanti ni ghali, mwambie apige hesabu moja tu: bei ya dumu mbili tatu za kulanti kila baada ya miaka miwili, dhidi ya hedi, gasketi, fundi na wiki mbili za hesabu ambazo hazikuletwa jioni. Hiyo hesabu haihitaji kidato cha sita.

Madereva, mafundi na matingo mlioko humu, najua mmeona mengi kuliko niliyoandika. Gari yako inatumia nini kwenye rejeta, na mara ya mwisho ulibadilisha lini? Mwageni uzoefu hapo chini. Nawakilisha.